Siku Uso Wangu Ulipogoma Kukunja Mbele ya Wakwe

Nitajicheka mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana najua vipande mmeshavisikia kisimani na nje ya kanisa, na kila aliyesimulia ametia chumvi yake, huyu anasema nilipooza, yule anasema nilimkonyeza mzee wa watu mchana kweupe mbele ya wajukuu zangu, sasa mimi nawaambia la kupooza ni uongo, la kukonyeza ni kweli nusu, tena nusu ya uso, mtaelewa tukifika. Aibu niliipata, sikatai. Lakini ni aibu yangu, sijaiazima kwa mtu, acheni niisimulie mwenyewe.

Mnanijua. Mimi ni Skolastika wa hapa Litembo, watoto wananiita Bibi Skola, na shule yenyewe sijaingia hata kuomba maji ya kunywa. Ninachojua ni kulima, kuchuma kahawa na kuiga watu. Nipe mtu nikae naye mpaka chai ipoe, nitakurudishia akiwa mzima, sauti yake, shingo yake, mwendo wake na namna anavyomeza mate. Na siigi kwa mdomo tu, naiga kwa uso, nyusi zangu hizi zinapanda na kushuka kama mbuzi mlimani, paji linakunjika, mashavu yanakimbia huku na huku. Uso wangu ndio jembe langu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kulivunja mpini.

Sasa, posa kwenye ukoo wetu ina utaratibu wake. Bibi wa binti anakaa mkekani, pembeni kidogo ya wanaume, na hasemi kitu. Wanaosema ni wajomba. Bibi akifungua mdomo siku ile maana yake ni moja tu, amekataa, posa imekufa, wageni washike njia. Kwa hiyo bibi anasema kwa uso. Mdogo wangu Benno ndiye msemaji wetu (yule anayekohoa kabla ya kila neno kana kwamba maneno yake yamekwama kwenye moshi), anadai kitu, wageni wanajibu, halafu ananitupia jicho. Nikipandisha nyusi, adai kingine. Nikikunja uso, basi, inatosha, tusali tule. Tumeozesha mabinti wengi kwa njia hiyo na hakuna mgeni aliyewahi kugundua, hata mabinti wenyewe hawajui. Benno nilimfundisha vizuri: usiache mpaka nikunje.

Safari hii alikuwa Devota, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki. Anasuka nywele kwenye saluni mjini Mbinga. Kijana wake ni Wilfredi, fundi wa injini za boti kule Mbaha, ziwani, kijana mpole, mikono ina grisi mpaka Jumapili. Walisubiriana muda mrefu sana, kwa sababu wazee wa Wilfredi hawakupenda mtoto wao apande mlima kutafuta mke wakati ziwani mabinti wamejaa, na walipokubali walikubali shingo upande, wakatuma neno: tutapanda huko mara moja, tukirudishwa hatupandi tena. Devota aliponieleza hayo alikuwa ananisuka, na msuko mmoja aliusuka na kuufumua mara tatu.

"Bibi," akasema, "Babu Benno anakusikiliza wewe tu. Nakutegemea."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, alale usingizi.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini Wilfredi naye ana bibi, anaitwa Agata, umri wetu ni mmoja, na tulikuwa tumeonana kwenye jubilei ya padri mmoja. Jamani, uso wa yule mama. Laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Tukasimama pamoja tupigwe picha, na yule mpiga picha, kijana asiye na adabu wala macho, akaniambia, "Mama, msogelee mwanao." Mwanangu. Agata akacheka, hee hee, kicheko cha puani, kinatoka kidogo kidogo kama mafuta ya kupima. Picha ile nilirudi nayo nyumbani nikaigeuzia ukutani, nikajiapiza kwamba siku ya posa Agata hatakaa kwenye mkeka wangu akiwa mwanangu.

Basi ikatokea, kwenye saluni ile ya Devota akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, wanamwita Madam Lulu, alisomea unesi kisha akasomea mambo ya ngozi, anazunguka mikoani kuchoma watu sindano za usoni, sindano za kurudisha ujana. Wake za maofisa walikuwa wanaingia wamejifunika mitandio kama wanakwenda kuungama. Huyo Madam alisukwa na Devota akapendezwa, akamwambia, niletee ndugu yako mmoja nimhudumie, zawadi yako hiyo. Devota akaja nyumbani ananisimulia kama kichekesho. Mimi nikamuuliza, ndugu yako mwingine ni nani zaidi yangu?

Nikashuka mjini na bodaboda.

"Mamiii, karibu mamiii, shikamoo mamiii," (yule dada neno halifiki mwisho wake, analivuta kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba). Akanikalisha kwenye kiti kinacholala, akanishikisha kioo, akaanza kunifundisha. Akasema sindano ni za aina mbili. Ya kwanza wanaiita fila, ni jeli, anaichoma palipobonyea, pembeni ya mdomo na mashavuni, inajaza, matokeo unayaona palepale ila siku za mwanzo unaweza kuvimba kidogo. Ya pili ni botoksi, hiyo haijazi kitu, hiyo inailaza misuli ya hapa juu, kwenye paji na katikati ya nyusi, misuli ikilala makunyanzi yanatulia, inachukua siku kadhaa kuanza na ikishika inakaa miezi.

"Sasa chagua, mamiii."

Nikafikiria kama mwenye shamba. Sisi Wamatengo mlima unatulisha kwa sababu ya mashimo. Ukiutazama mteremko wetu kutoka mbali ni uso wa mzee kabisa, matuta na mashimo, mashimo na matuta, ndiyo ngoro zetu hizo, mvua ikipiga maji yanakaa shimoni, udongo haukimbii. Tangu nizaliwe sijaona mwenye akili anayefukia ngoro. Yupo mmoja alifukia, udongo wake wote akaukuta bondeni kwa jirani, akaanza kuusalimia kutoka juu. Halafu mtu aniambie tujaze mashimo ya usoni? Nikamjibu kwa uhakika wote, kama mwalimu mkuu.

"Mwanangu, kwetu shimo halijazwi. Hiyo ya kujaza wape watu wa tambarare. Mimi nilaze."

Madam Lulu akacheka mpaka akavua glavu. Na yule dada sitamsingizia, alifanya kazi yake kwa utaratibu, aliniuliza maradhi, aliniuliza dawa ninazotumia, kisha akaniuliza, mami, una shughuli yoyote karibuni? Maana mtu wa mara ya kwanza ni vizuri asubiri uso wake auzoee. Devota alikuwa chumba cha pili na mteja. Mimi nikamtazama Madam machoni nikamwambia sina shughuli, mimi mzee, shughuli yangu ni kufukuza kuku. Hapo ndipo nilipojikwaa, jamani. Yaliyofuata yote ni kuanguka tu.

Akanichoma. Inauma kama siafu, siafu mwenye haraka. Akaniagiza nisisugue uso, nisiiname, nisilale mapema, nisifunge kitu kichwani siku ile. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia matangazo kanisani. Nikapanda bodaboda kurudi mlimani, na njia yetu mnaijua inavyotikisa, nikafika kichwa kinagonga. Na sisi kichwa kikiuma tunafanya nini? Tunakifunga. Nikachukua kanga nikajifunga hapa hapa kwenye paji, nikakaza kama nafunga mzigo wa kuni, nikaenda shambani nikainama kung'oa maharage mpaka jua likapoa. (Ninyi mnaocheka, mngekumbuka ninyi?)

Siku zikaenda, uso ukatulia. Nikijitazama kioo nasema, Skola, ni wewe huyu? Paji limenyooka, katikati ya nyusi hakuna hata mstari. Nikatembea kijijini shingo juu. Sikujua kama uso haukunji, ningejuaje? Mwenye furaha hakunji uso.

Asubuhi ya posa nikaamka, kope la jicho la kushoto limeshuka. Limening'inia nusu, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Nikijaribu kulipandisha linapanda kidogo, linachoka, linashuka tena. Nikasema ni usingizi, nikanawa maji baridi. Devota alikuwa anahangaika na masufuria, alinitazama mara moja tu akasema, "Bibi umependeza, ila jicho lina nini?" Nikamwambia moshi.

Wakaja na gari mbili za Noah, wazee wa Mbaha, na kapu la mbasa wakavu, samaki wa ziwani kwao, ambalo harufu yake ilishuka kabla yao. Agata akashuka na sahani yake ya uso. Akanikumbatia, akanirudisha nyuma, akanitazama, akanitazama tena. Nikajua nimempata.

Mshenga wao ni Mzee Kasto, aliyefiwa na mke, mrefu, na anaongea kama anaita boti iliyo katikati ya ziwa, hata akiomba chumvi. "Wenyeweee," akaanza, "sisi ni wavuvi, tumepotea njia, tumesikia huku mlimani kuna samaki." Wazee wetu wakaguna kwa kuridhika, mambo yakaanza vizuri. Nikakaa mkekani, mikono magotini. Devota yuko jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo, naona kipande cha gauni lake.

Benno akakohoa, khm, blanketi la bibi. Wakajibu lipo. Khm, mbuzi wa mjomba. Yupo. Khm, jembe na shoka. Wakacheka, vipo, vyote vipo. Kwa haki palitosha hapo, wenyewe walikuwa wakarimu, nami nikakunja uso.

Yaani nilitoa amri ya kukunja. Ilikuwa kama kumwita mtu kwenye nyumba waliyohama. Nikaita tena. Nikakunja kwa nguvu mpaka masikio yakasogea, paji halina habari. Benno ananitazama, anaona uso umetulia kama ziwa asubuhi, akajiambia, dada anataka zaidi. Khm, kitanda na godoro lake.

Wageni wakatazamana. Mzee Kasto akasema sawa, kitanda tutaleta. Mimi ndani nawaka. Kutikisa kichwa siwezi, kutikisa ni sawa na kusema, ni kukataa. Nikamwitikia Benno kwa kichwa, polepole, nikimaanisha ndiyo, hapo hapo, acha. Yeye akaelewa ndiyo, endelea. Khm, na mtungi wa gesi. Nikakohoa. Benno, mtu mwema, akageuka akasema mleteeni dada maji.

"Khm. Na bati za jiko la bibi."

Hapo Mzee Kasto akanigeukia mimi, nadhani kunilalamikia kwa macho kama mzee kwa mzee, na jicho langu la kushoto wakati huohuo likachagua kuchoka. Likashuka. Mzee wa watu akarekebisha kola. Mimi kwa hofu nikajaribu kulipandisha jicho, likapanda, likashuka tena, na Mzee Kasto akatabasamu, akasema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikufika ziwani, "Bati tutaleta. Tena nitazileta mwenyewe."

Wajomba wa Wilfredi wakageuka wote kumtazama. Mmoja akamvuta koti. Agata alikuwa haangalii yeyote ila mimi.

Na Benno sasa jasho linamtiririka, maana vitu vya kudai vilikuwa vimemwisha duniani, anazungusha macho nyumba nzima anatafuta kitu, anarudi kwenye uso wangu, uso kimya. Nikamkazia macho kwa kumwomba Mungu. Akavuta pumzi.

"Khm," akasema, "na boti. Na injini yake."

Nje jogoo akawika.

Mzee Kasto akasimama. "Mzee mwenzangu," akasema, "boti mtaifunga wapi huku, kwenye mti wa kahawa?" Hakuna aliyecheka. "Tulisema tutapanda mara moja. Tumepanda. Tumeona." Na wenzake wakasimama, mmoja akabeba kapu lao la samaki, na mjue ukiona mgeni anarudi na zawadi yake, pamekwisha.

Nikatazama mlango wa jikoni. Devota alikuwa amesimama na bakuli la maharage. Hakulia. Akaliweka bakuli chini taratibu, kama unavyomlaza mtoto usimwamshe, akaanza kufungua kanga ya kazi kiunoni, na nje dirishani nikamwona Wilfredi, aliyekuja na wazee wake, ameinama anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Nikisema kwa sauti yangu, posa imekufa. Nisiposema, imekufa vilevile.

Nikajifunika kanga mdomoni kama mwenye kikohozi, nikaishusha sauti mpaka tumboni, nikatafuta moshi wa Benno kooni, nikaupata.

"Khm. Kaeni, wakwe zetu. Khm. Boti ni utani wa watu wa mlima, sisi maji yakifika gotini tunaanza rozari. Blanketi, mbuzi, jembe na shoka vinatosha. Binti ni wenu."

Watu wote wakamgeukia Benno. Benno akajishika koo. Maskini alikuwa amefunga mdomo kabisa, anasikia sauti yake inatembea chumbani bila yeye. Mzee Kasto akamuuliza ni wewe uliyesema hayo? Benno akanitazama mimi, akaitazama kanga yangu, na mdogo wangu ana mambo yake lakini si mjinga. Akakohoa, na hicho kilikuwa kikohozi cha kweli.

"Khm. Ndiyo. Mimi."

Wakaanza kukaa. Kapu likarudi chini. Nami nikaanza kushukuru watakatifu mmoja mmoja, na sikuwa nimefika mbali Agata akainuka, akaja mkekani, akapiga magoti mbele yangu, akanishusha kanga mdomoni, akaweka kidole chake hapa, katikati ya nyusi, akabonyeza.

"Huyu mwenzangu kuna kitu," akasema mbele ya wote. "Sauti imetoka hapa. Na uso haupo."

Mngefanyaje? Kukana ningekana, lakini wazee wetu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba bibi amesema, posa imevunjika. Nikaona afadhali aibu yangu kuliko machozi ya mtoto.

"Bibi hajasema," nikawaambia, bado kwa sauti ya Benno. "Aliyesema ni Benno, ametumia mdomo wangu tu."

Halafu nikawaeleza yote. Nikawatolea Madam Lulu na mamiii zake, nikawatolea fila na botoksi, nikawaeleza ngoro zangu na kanga niliyojifunga, nikawaeleza mpaka lile la kukunja uso, siri ya ukoo, ikatoka. Wale wazee wa ziwani walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Wazee wetu nao wakaona, kama wakwe wamecheka hivyo, desturi itajitetea yenyewe siku nyingine. Devota alicheka na kulia kwa pamoja, amejifunika uso na kanga aliyotaka kuivua.

Aliyebaki bila kucheka ni Mzee Kasto.

"Kwa hiyo lile jicho," akaniuliza polepole.

"Lile jicho ni dawa, mzee wangu."

Akakaa chini. Hakuita boti tena siku ile.

Wakati wa kula Agata akaja kukaa na mimi. Nilingoja anicheke kile kicheko chake cha kupima. Akachukua kipande cha mbasa, akakitoa miiba, akakiweka kwenye sahani yangu. Akaniambia siku ile ya jubilei, mimi nilipomwiga padri akitafuta miwani iliyo usoni kwake, yeye alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo akajaribu, akajaribu. "Haukusogea popote," akasema. "Huu wangu umezaliwa hivi, mwenzangu. Wewe umekwenda kuununua?"

Nikakila kile kipande cha mbasa chote, macho yangu yako kwenye sahani.

Harusi ilifungwa kabla jicho halijapona sawasawa. Kwenye picha Devota anang'aa, Wilfredi mikono imeoga, Benno analia, Agata anacheka, na mimi niko katikati, uso mkavu kama wa mtu aliyealikwa harusi ya majirani wa majirani. Hiyo nayo nimeigeuzia ukutani. (Na ndiyo, Mzee Kasto alileta samaki mara mbili baadaye. Nilikula. Si walikuwa samaki?)

Madam Lulu akirudi Mbinga nitamsalimu kwa heshima zote, na nimeshamwandalia maharage ya kumwomba radhi kwa kumdanganya, lakini kile kiti chake sitakikalia, si kwa kujaza wala kwa kulaza. Wenye nyuso za kukaa nazo tu wakachomwe. Mimi wangu una kazi.

Juzi tumepokea posa nyingine, ya mdogo wake Devota. Wageni wamefika, wako nje wanapanguswa vumbi, mkeka umetandikwa, nami nimeshakaa. Benno akaingia, akafunga mlango kwanza, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Khm. Dada, kunja nione."

Nikakunja.

Akasogea karibu, akatazama kama mtu anayekagua ngoro kabla ya mvua.

"Khm. Rudia."

Nikarudia. Ndipo akaenda kuwafungulia wageni mlango.